Tangu tone hadi mtoto: Elimu ya mimba na amani ya nyumba

 

Mpenzi msomaji, miongoni mwa neema ambazo Qur'ani Tukufu inamrejesha mwanadamu kuzitazama mara kwa mara ni neema ya kuumbwa kwake. Suratul Muuminuun, aya ya 12 hadi ya 14, inapanga hatua za uumbaji huo tangu udongo, tone, pande lenye kuning'inia, pande la nyama, mifupa na nyama inayoivika mifupa, hadi kiumbe kipya. Suratul Hajj, aya ya 5, inarudia habari hiyo kwa wale wenye shaka juu ya kufufuliwa. Aya hizi tunazisikia katika darsa na katika hotuba za Ijumaa, nasi huzisikiliza kwa unyenyekevu.

Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi elimu hiyo huishia msikitini. Mke anaporudi kutoka kliniki na kadi yake, mume huhesabu wiki kwa vidole na kuingiwa na shaka. Binti anapozaliwa wa nne mfululizo, lawama zote humwangukia mama. Mimba inapoharibika, watu hunong'ona kuwa mwanamke amefanya jambo. Leo tumekusudia kuieleza safari ya mtoto tumboni kama wataalamu wanavyoijua, tuipime pamoja na mafunzo ya dini yetu, na tuone ni wapi ujinga wa jambo hili unavunja nyumba ambazo zingeweza kusimama.

MWANZO WA SAFARI

Kila mwezi, katika mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, yai moja kwa kawaida hupevuka na kutoka katika kokwa ya uzazi. Yai hilo lina upana wa takriban sehemu 1 ya 10 ya milimita, yaani dogo mithili ya nukta ya kalamu. Likishatoka, huishi muda usiozidi saa 24 hivi. Mbegu ya kiume ni ndogo zaidi, lakini maisha yake ni marefu, kwani inaweza kukaa hai ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke hadi siku 5.

Katika mamilioni ya mbegu yanayoanza safari, ni mia chache tu zinazofika karibu na yai, na moja pekee ndiyo inayoingia. Mkutano huo haufanyiki ndani ya mji wa mimba kama wengi wanavyodhani, bali katika mrija unaoelekea huko. Mbegu inaleta kromosomu 23, ambazo ni nyuzi zinazobeba sifa za urithi, na yai linaleta 23. Zikiungana zinakuwa 46, na hapo ndipo mtoto anapopata rangi, kimo, sura na sauti kutoka pande mbili.

Jambo hili kwetu ni dogo leo, lakini wanadamu walilitafuta kwa karne nyingi. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kuwa umbo la mtoto linatokana na mwanamume, na mwanamke hutoa mada tu. Mwaka 1677 Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona mbegu za kiume kwa darubini yake. Mwaka 1694 mtaalamu mwingine, Nicolaas Hartsoeker, alichora mtu mdogo aliyejikunyata ndani ya kichwa cha mbegu, akidhani huenda ndivyo mtoto alivyo. Yai la mnyama anayenyonyesha halikuonekana hadi mwaka 1827, pale Karl Ernst von Baer alipoliona katika mbwa.

Qur'ani, katika Suratul Insaan aya ya 2, inataja tone lililochanganyika, na wafasiri wa zamani walilieleza kuwa ni mchanganyiko wa maji ya mwanamume na ya mwanamke. Vilevile, katika hadithi ya Ummu Sulaym (R.A.) iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alitumia kufanana kwa mtoto na mama yake kuwa ni hoja ya kwamba mwanamke naye ana sehemu yake katika uzazi. Hatusemi kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni kitabu cha udaktari, wala hatutaki imani zetu zisubiri darubini. Tunasema tu kwamba Muislamu aliyelelewa na mafunzo haya hakupaswa kamwe kuamini kuwa mama ni chombo kitupu cha kubebea mbegu ya mwanamume.

KADI INASEMA WIKI 8

Sasa tuingie katika jambo ambalo limezua ugomvi katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Kliniki haihesabu umri wa mimba tangu siku ilipotungwa, kwa sababu siku hiyo haijulikani kwa hakika. Inahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo mwanamke anaweza kuikumbuka. Baina ya siku hiyo na siku ya kutunga mimba kuna takriban wiki 2, kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Kwa maneno mengine, wiki mbili za mwanzo zinazoandikwa katika kadi ni wiki ambazo mimba ilikuwa bado haipo.

Tuchukue mfano. Mume ni baharia, amekuwa safarini miezi mitano. Anarejea nyumbani tarehe 1 Machi. Mkewe alianza hedhi yake ya mwisho tarehe 20 Februari, na mimba ikatunga karibu na tarehe 6 Machi. Tarehe 17 Aprili mke anakwenda kliniki, na mkunga anaandika: mimba ya wiki 8. Mume anaichukua kadi, anahesabu, anaona kuwa yeye yuko nyumbani kwa wiki 6 na siku 5 tu. Damu inamwenda mbio. Anajiuliza mimba hii ya wiki nane ilianzia wapi.

Mkunga hakukosea, na mke hakufanya hiyana. Wiki nane zimehesabiwa tangu tarehe 20 Februari. Mimba yenyewe ina wiki 6, nayo ni halali ya mume huyu bila shaka yoyote. Iwapo mume hakuuliza, akanyamaza na shaka yake moyoni, au akaitoa mbele ya mama yake na dada zake, basi nyumba imekwisha kwa sababu ya hesabu ambayo mkunga angeifafanua kwa dakika mbili.

Kwa hesabu hiyo ya kliniki, mimba huchukua siku 280, yaani wiki 40. Kwa hesabu ya tangu kutunga, ni siku 266, yaani wiki 38. Ili kukadiria tarehe ya kujifungua, wakunga huichukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari atatarajiwa kujifungua tarehe 17 Oktoba. Lakini hayo ni makadirio. Takriban mwanamke 1 tu kati ya 20 ndiye anayejifungua siku ile ile iliyoandikwa. Wanawake wengine mizunguko yao ni mirefu au haina mpango, na wengine hutokwa na damu kidogo mimba ikiwa imeshatunga wakadhani ni hedhi. Hata kipimo cha picha ya ultrasaundi, ambacho katika miezi mitatu ya mwanzo hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu, katika miezi ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki 3 au zaidi. Haifai kabisa mtu kuivunja ndoa kwa karatasi ya kipimo cha mwezi wa nane.

SHERIA ILIVYOILINDA NASABA

Wanachuoni wetu walilizingatia jambo hili mapema mno. Suratul Ahqaaf, aya ya 15, inaeleza kuwa kubeba mimba na kumwachisha mtoto ziwa ni miezi 30. Surat Luqman, aya ya 14, inataja kuachishwa ziwa katika miaka miwili, na Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Ukitoa miezi 24 katika 30 inabaki miezi 6. Wapokezi wanataja kisa cha mwanamke aliyejifungua miezi sita baada ya ndoa katika zama za makhalifa waongofu, akataka kuadhibiwa kwa tuhuma ya zinaa. Hoja hii ya hesabu ndiyo iliyotolewa kumtetea, nayo inanasibishwa na Sayyidna Ali (R.A.), na katika mapokezi mengine na Ibn Abbas (R.A.). Tangu hapo wanachuoni wameafikiana kuwa muda mdogo kabisa wa mimba ni miezi sita.

Na tuupime muda huo kwa hesabu ya leo. Miezi sita ya mwandamo ni takriban siku 177, yaani wiki 25 hivi tangu kutunga mimba, au wiki 27 kwa hesabu ya kadi. Mtoto anayezaliwa wakati huo ni njiti, lakini katika hospitali yenye vifaa anaweza kuishi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa miezi saba baada ya harusi hana cha kuulizwa na majirani.

Zaidi ya hayo, Mtume (S.A.W.) aliweka msingi kuwa mtoto ni wa kitanda, yaani nasaba yake ni ya ndoa alimozaliwa, haiondolewi kwa minong'ono. Bukhari na Muslim wanapokea pia habari ya bedui aliyemlalamikia Mtume kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimuuliza kuhusu rangi za ngamia wake, naye akakiri kuwa ni wekundu na kwamba miongoni mwao wamo wenye rangi ya kijivu. Alipoulizwa rangi hiyo imetoka wapi, akajibu kuwa huenda ni mshipa wa asili umeivuta. Mtume akamwambia kuwa huenda na mwanawe ni hivyo hivyo. Mzee huyo wa jangwani alifahamishwa kwa mfano wa mifugo yake kuwa sifa za urithi zinaweza kujificha kwa mababu na kujitokeza kwa mjukuu.

Ndugu zetu waume, kumtuhumu mke si maneno ya kutupwa barazani. Surat Annuur imeweka adhabu kali kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi, na kwa mume mwenye madai imeweka utaratibu mzito wa viapo mbele ya kadhi. Mwenye wasiwasi na aulize kwanza kwa mkunga, kisha kwa mwanachuoni, kabla ya kuufungua mdomo wake.

HATUA ZA GIZANI

Baada ya kutunga, yai hugawanyika mara mbili, nne, nane, huku likisukumwa taratibu kuelekea mji wa mimba. Kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi hujishikiza katika ukuta wa mji huo na kuanza kuchimba mizizi. Neno alaqa la Kiarabu lina maana ya kitu chenye kuning'inia au kung'ang'ania, na pia pande la damu na hata ruba. Neno mudgha ni kipande kadiri ya kinachotafunwa. Karibu na siku ya 22 tangu kutunga, moyo huanza kupiga, nacho kiumbe kizima hakijafika nusu sentimita. Kufikia wiki ya 8 kina urefu wa sentimita 3 hivi, na viungo vyake vikuu vimeshaanza kuumbika vyote, vidole vikiwemo.

Kuhusu kupulizwa roho, zipo hadithi mashuhuri, ya Ibn Masud (R.A.) katika Bukhari na Muslim na ya Hudhayfa bin Asid (R.A.) katika Muslim, na wanachuoni wamezijadili kwa upana. Wengi wao wamesema roho hupulizwa baada ya siku 120. Hilo ni katika mambo ya ghaibu, darubini haina la kusema humo.

Surat Azzumar, aya ya 6, inataja giza tatu, na wafasiri wa mwanzo walizieleza kuwa ni tumbo, mji wa mimba na ngozi inayomzunguka mtoto. Humo ndimo kondo la nyuma linapofanya kazi yake. Kondo humpa mtoto hewa safi na chakula kutoka katika damu ya mama, bila damu hizo mbili kuchanganyika. Lakini kondo si ukuta wa chuma. Pombe hupita, sumu ya sigara hupita, na dawa nyingi hupita. Anayevuta sigara ndani ya chumba alicholala mkewe mjamzito anamvutisha na mwanawe.

Mama huanza kumsikia mtoto akicheza karibu na wiki ya 18 hadi 20 kwa mimba ya kwanza, na mapema kidogo kwa zinazofuata. Kufikia wiki ya 28 mtoto ana uzito wa kilo 1 hivi, anasikia sauti na anafumbua macho. Wiki zinazobaki ni za kunenepa na kukomaa kwa mapafu, hadi azaliwe akiwa na takriban kilo 3.

Si kila mimba hufika huko. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kujulikana, baina ya 10 na 15 huharibika zenyewe. Takriban nusu ya zile zinazoharibika katika miezi ya mwanzo huwa na kasoro katika kromosomu tangu kutungwa, jambo ambalo mama hakulisababisha wala hangeweza kulizuia. Mama wa namna hiyo anastahiki kuliwazwa na kupumzishwa. Kumhoji amekula nini au amekwenda kwa nani ni dhulma juu ya msiba.

NANI ALETAYE BINTI?

Yai la mwanamke siku zote hubeba kromosomu aina ya X. Mbegu ya mwanamume hubeba ama X ama Y. Ikiingia yenye X, huwa binti; ikiingia yenye Y, huwa mtoto wa kiume. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1905 na mtafiti mwanamke wa Marekani, Nettie Stevens, alipochunguza wadudu. Surat Annajm, aya ya 45 na 46, inataja kuumbwa kwa jinsi mbili, ya kiume na ya kike, kutokana na tone linalomiminwa.

Basi mume anayemwacha mke, au anayemwolea mke wa pili kwa hoja kuwa wa kwanza hamzalii ila mabinti, ajue kuwa kwa sababu za kimaumbile jibu lilitoka kwake yeye. Na juu ya sababu zote yuko Mwenye kugawa. Surat Ashshuura, aya ya 49 na 50, inabainisha kuwa Yeye humpa amtakaye mabinti, na amtakaye watoto wa kiume, na wengine huwachanganyia, na wengine huwafanya tasa. Wanachuoni wameangalia kuwa mabinti wametangulizwa katika kutajwa. Na Surat Annahl, aya ya 58 na 59, imewakemea wale ambao nyuso zao zilikuwa zikisawijika kwa habari ya kuzaliwa binti.

WAJIBU WA NYUMBA NZIMA

Elimu ya mimba si ya madaktari wa leo peke yao. Katika karne ya 10, huko Cordoba, Arib bin Said al-Qurtubi aliandika kitabu kizima kuhusu kuumbwa kwa mtoto tumboni na matunzo ya wajawazito na watoto wachanga. Walioandika hayo walijua kuwa kumtunza mjamzito ni katika kuhifadhi nafsi, nayo ni moja ya makusudio makuu ya sheria.

Jambo la kwanza ni kwenda kliniki mapema. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga kabla ya siku ya 28 tangu kutunga, yaani karibu na wiki ya 6 kwa hesabu ya kadi, wakati mama wengi ndiyo kwanza wanashangaa hedhi imechelewa. Upungufu wa folik asidi wakati huo ni miongoni mwa sababu za mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana mwanamke anayetaraji kushika mimba anashauriwa kumeza mikrogramu 400 za folik asidi kila siku hata kabla ya kushika. Anayengoja mwezi wa tano ndipo ajiandikishe, mlango huo umeshafungwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo.

La pili ni malaria na upungufu wa damu. Katika nchi zetu mjamzito hupewa vidonge vya SP kuanzia kipindi cha pili cha mimba, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja, na inatakiwa apate dozi zisizopungua 3. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, ameze vidonge vya madini ya chuma, na aache kula udongo, kwani huzuia madini hayo kuingia mwilini.

La tatu ni kuzijua dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa kichwa kusikokoma, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Dalili hizi hazingoji asubuhi, wala hazingoji idhini ya mume aliye safarini. Nauli ya hospitali na iwekwe kando tangu mwezi wa sita. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya kinamama 104 kwa kila vizazi hai 100,000, vikiwa vimeshuka kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini kila mmoja katika hao 104 ni mama wa watu.

La nne ni funga. Mjamzito anayehofia nafsi yake au mwanawe ana ruhusa ya kufungua katika Ramadhani. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku hizo tu. Akihofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ruhusa hiyo imetoka kwa Mwenye dini, kwa hiyo mama mkwe asimwonee haya mkaza mwanawe, na mke asijilazimishe kwa kuogopa macho ya watu.

La tano ni la mume. Surat Attalaaq, aya ya 6, imewajibisha kumtunza hata mke aliyeachwa, akiwa mjamzito, mpaka ajifungue. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya aliyeachwa, ni ipi haki ya aliyemo ndani? Ndoo ya maji, kuni na mzigo wa sokoni vina watu wengine wa kuvibeba. Na siku ya kliniki, mume na afuatane na mkewe, aisome kadi pamoja naye, na aulize asichokielewa hapo hapo mbele ya mkunga.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi kinamama wetu wajawazito, awajaalie wajifungue kwa salama, awape faraja waliopoteza watoto, na aturuzuku kizazi chema, cha kike na cha kiume. Amin.